Daftari la Ukutani

Kwa mujibu wa sheria, kilichoandikwa na daftari la ukutani, lile linalojiandika lenyewe, ndicho kilichotokea, na hakuna aruhusiwaye kulipinga. Mwanakheri alilijua hilo. Lakini asubuhi ile, katika nyumba ya wazee, alikuta kidonge cha presha cha mama yake kingali kikombeni, na ukutani pameandikwa: Bi Sikudhani amemeza, saa mbili.

"Nesi, hiki ni nini?" aliuliza kwa ukali.

"Nakiona, dada yangu," alijibu Hilda, nesi wa zamu. "Liliandika kabla sijamfikia. Nikimpa sasa, litasema nimempa mara mbili. Nitafungwa."

"Mama kichwa kinampasuka, nawe unaniletea habari za ukuta!"

Mwanakheri mwenyewe alimmezesha mama yake kile kidonge. Kisha akaandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki: Saa nne, kidonge kimoja, nimempa mimi. Kuandika hivyo kulikuwa kosa la jela.

Hilda aliufunga mlango taratibu, akawatazama wazee kumi na mmoja waliobaki vitandani.

"Waandike na hawa," alinong'ona. "Ukutani wote wamemeza. Hakuna hata mmoja aliyemeza."