Vidole Vinne

Jiko la mama tulilikarabati wenyewe, fundi tukamwona wa nini. Ukutani karibu na sinki, kwenye rangi ya bluu, palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto. Kaka akaikwangua. Chini yake, kwenye rangi ya kijani, tukakuta kiganja kilekile, palepale.

"Si wewe huyo?" kaka akacheka. "Mama alivyokutandika siku ile kwa kuchafua ukuta!"

Alinitandika bure. Kiganja kile kina vidole vinne. Mimi nina vitano.

Tukapaka nyeupe, tukafunga mlango, tukaenda kula. Nyumba hii haina mtoto siku hizi.

Tuliporudi, vidole vinne vilikuwa vimezama kwenye rangi mbichi.

Mama akaingia na mkongojo wake. Hakututazama sisi. Aliinama taratibu, akachungulia chini ya sinki.

"Mwanangu," akasema, "kwani hukomi?"