Kufuli la Mashine za Newala

Agatha alipouona ule mstari alisonya kwa nguvu, hata karani wa dirishani akageuka kumtazama.

Mstari wenyewe, ndani ya faili la maagizo ya mashine, ulikuwa mfupi. Programu ya risiti kwenye mashine za Newala ifungwe katika toleo la tatu, isipandishwe. Masasi haikutajwa. Kumbe wenzao walikuwa wanakula toleo la nne, la moto moto, na Newala wameachiwa kiporo.

"Sikuzani huyu!" alisema. "Niliyemfundisha kushika kipanya!"

Sasa kampuni ya korosho ilikuwa imempa Sikuzani ofisi ya Masasi, ghala la programu, na lile faili la maagizo ambalo kila mashine, huko na huku, hulisoma kila nusu saa na kutii bila kuuliza. Agatha alibaki Newala na kompyuta tatu pepe, mashine za kuigizwa na programu tu, ndani ya sanduku moja la chuma, na kazi ya kulifuta vumbi. Ulikuwa wivu, wala hakujidanganya. Meneja akimsifu binti yule, Agatha chakula hakimshuki.

Na wiki hiyo ndipo meneja angemteua msimamizi wa mitambo ya ofisi zote mbili.

Hila aliiona waziwazi. Soko lilikuwa huria, mnunuzi mwingine amefungua mlango hatua chache tu kutoka pale. Mkulima akicheleweshwa risiti, anabeba magunia yake na kuhamia. Newala ikionekana nzito, nani angempa Agatha cheo?

Simu yake ikaita. Sikuzani tena, mara ya nne tangu jana. Akaiacha iite mpaka ikachoka.

Neno la siri la faili lile alikuwa nalo. Sikuzani hakuwahi kumficha. Akalifungua, akafuta mstari, akahifadhi. Kisha akakaa kusubiri nusu saa ipite, ametulia kuliko alivyotulia mwezi mzima.

"Mama Ethel," karani akamwita Agatha, "foleni imefika barabarani. Kuna watu mpaka wa Nanganga."

"Wametoka Nanganga, kote huko upande wa Masasi?"

"Wanasema wameambiwa waje huku."

"Wamesikia sifa zetu," Agatha akacheka.

Nusu saa ikatimia. Toleo la nne likaingia kwenye mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa meneja, Bwana Ambrosi, akipiga kutoka Masasi. Akaipokea haraka.

"Mama Ethel, hongera! Cheo ni chako."

Agatha akasimama. "Changu mimi?"

"Sikuzani mwenyewe ndiye aliyeomba cheo apewe mwalimu wake. Na umetuokoa, mama. Huku toleo la nne limefuta orodha yote ya wakulima tangu jana, na halirudi nyuma. Wakulima wetu wote tumewaelekeza kwako. Bahati yetu binti aliifunga Newala mapema. Alisema alijaribie kwanza kwake, likiharibu liharibu kwake. Anakupigia akueleze, hupokei."

Dirishani karani alibonyeza kibodi, akabonyeza tena, akamgeukia Agatha.

"Mama Ethel, mbona orodha haina mtu?"