Mtu wa Mabomba

Mke alicheka tena, peke yake, macho kwenye simu. Mkaguzi akaacha kufunga tai.

"Nani huyo asubuhi yote hii?"

"Mtu wa mabomba," mke akajibu, akaifunika simu kwa kiganja.

Alikuwa amevaa gauni la kijani, lile la kwendea harusi za watu, na siku yenyewe Jumatatu. Mkaguzi akajitia hamnazo, lakini kijiba cha roho kilikuwa kimekwisha kumwingia.

Mke alifanya kazi idara ya maji. Kila wiki aliweka kwenye tovuti ya idara takwimu za mabomba ya mitaani, lipi linatoa maji na lipi limekauka, ili kila mwananchi ajionee bure. Na mkaguzi kazi yake ilikuwa kuzipa alama tovuti za namna hiyo, za idara zote: takwimu ni mpya? Zimekamilika? Kuna anayezitumia? Ungedhani wawili hawa wangekuwa na mengi ya kuongea. Wapi. Mke akianza habari za mabomba mezani, mume alipiga miayo. "Kwani kuna anayesoma hayo?" alimwuliza siku moja, akacheka mwenyewe.

Basi akatokea wa kusoma. Aliuliza kupitia tovuti: bomba la nyuma ya shule bado linatoa maji? Takwimu hizi ni za lini? Mke akajibu, akashukuriwa, swali jingine likaja. Tangu hapo mwanamke akachangamka. Jumamosi alitoka mwenyewe kwenda kuyaangalia mabomba. Mkaguzi alimfuata mara moja, akajibanza nyuma ya kibanda cha mkaa mpaka shati likageuka rangi. Alichokiona ni mke wake amechutama, anajaza chupa huku anatazama saa. Mwanamume hakutokea. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Alijiambia mwizi huyo kashamnusa.

Jana, mke alipoingia kuoga, mkaguzi akaichukua simu ya mke.

"Wewe peke yako ndiye unayeniuliza," mke alikuwa ameandika. "Nyumbani hakuna anayetaka kusikia. Kesho saa nne nitakuwa kwenye bomba la nyuma ya shule. Njoo nikufahamu."

Na yule mtu alikuwa amejibu: "Asante kwa jibu lako. Kazi yako inanisaidia sana."

Hakukataa. Mkaguzi alijaribu kukumbuka ni lini yeye alimwambia mke wake neno kama hilo, akakosa, na hapo ndipo alipozidi kumchukia mtu huyo.

Ofisini alivua viatu kama kawaida, akapumzisha miguu juu ya kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza yake, yenye joto zuri. Haikuzimwa kamwe. Alikuwa ameipangia kazi mwaka jana, naye akaacha kujisumbua: ndiyo iliyozizungukia tovuti zote kwa niaba yake, ikabisha hodi kila mlango kwa maswali kuona kama kuna wa kuitika, yeye akasoma alama tu. Leo hata alama hakuzisoma. Alimwita fundi wa mitandao, akampa ule ujumbe, maana jana alikuwa amejitumia kutoka kwenye simu ya mke.

"Nitafutie umetoka wapi. Ni mambo ya ukaguzi."

Fundi akabofya, akakuna kichwa. "Mkuu, huu umetoka humu humu."

"Humu mjini?"

"Humu chumbani."

Mkaguzi akainua macho polepole. Kule dirishani mchora ramani wa ofisi hiyo alikuwa anajipulizia manukato, anaimba kwa pua. Shati lake lilikuwa limenyooka hata kola. Akatazama saa ya ukutani, akachukua koti.

"Natoka kidogo," mchora ramani akasema. "Nina miadi saa nne."

"Hutoki."

"Mkuu, nimeahidi mtu."

"Najua umeahidi mtu. Kaa hapo." Mkaguzi alimfikiria mke wake pale bombani na gauni lake la kijani, akigeuka kila anaposikia hatua. "Fundi, fuata waya. Nataka kila mtu aone unakoishia."

Fundi akaenda kwenye kisanduku cha mtandao, akautambua waya wenyewe, akaufuata kwa mkono. Ukapita nyuma ya kabati. Ukapita chini ya dirisha, ukafika kwenye meza ya mchora ramani. Mkaguzi akakunja ngumi.

Waya ukapita. Fundi akaendelea nao ukutani, akakata kona, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Samahani, mkuu," akasema. "Hebu toa miguu."