Pamba Kwenye Chujio

Fundi alichomoa chujio la AC kwenye dari, akaligonga ukingoni mwa ndoo, na donge la pamba likaanguka.

"Pamba tena," alisema, bila mshangao wowote.

Msimamizi wa ujenzi wa barabara alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani. Hii ilikuwa mara ya nne mwezi huu. Kampuni ilimpa gari-nyumba hili akae nalo kambini na familia yake mpaka barabara iishe: mbele alilala yeye na mkewe, nyuma mama yake mzazi. Watu watatu, AC moja juu ya paa, na ikiziba hiyo hakukaliki. Vumbi angelielewa, barabara ni vumbi. Lakini pamba haiokotwi kwenye kokoto. Hii ilitiwa kwa mkono, na anayeharibu kitu kila wiki huwa anamtaka anayekuja kukitengeneza.

Hakuhitaji kwenda mbali. Mkewe alishona mito ya kuuza, na gunia la pamba lilikaa chini ya kitanda cha nyuma. Na fundi mwenyewe sasa! Shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu, hata mvi zilimpendeza, shetani yule. Alipanda juu ya paa, akafungua kifuniko, akazinyoosha kwa kitana zile bati nyembamba za kupoozea zilizolala, akazibua mrija wa kutolea maji, kisha akashuka na kupokea glasi ya maji baridi kwa mikono miwili. Akasema neno, mke akacheka. Msimamizi hakulisikia neno lenyewe, na wivu ukampanda.

"Bosi," fundi alisema akikusanya vifaa vyake, "mwambie mama asihangaike na joto. Ikizima anipigie tu, hata Jumapili."

"Namba yako anayo?"

"Anayo kitambo."

Mama! Ndivyo mafundi wanavyowaita wake za watu mbele ya waume zao.

Fundi alipoondoka, msimamizi alimgeukia mkewe. "Nani anatia pamba kwenye AC?"

"Labda panya," alijibu mkewe, akainamia cherehani asionekane uso.

"Panya gani anajua kufungua dari?"

"Muulize panya."

"Mwanangu, mwache mwenzio," mama yake alisema kutoka nyuma. "Joto limekupanda kichwani."

Ijumaa hakwenda kazini. Alizima umeme, akapanda juu ya paa mwenyewe, akafanya kila alichomwona fundi akifanya. Alipinda bati mbili, akajikata kidole, lakini alipowasha, upepo ulitoka wa baridi kuliko siku zote. Alirudi ndani akitweta, amefurahi kama aliyeshinda kesi.

"Kuanzia leo AC hii ni kazi yangu. Fundi yule asikanyage hapa." Akamtazama mkewe. "Akija tena, utaondoka naye. Sitanii."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Siku hiyo chakula cha mchana kilirudi jikoni kama kilivyotoka.

Jumapili asubuhi fundi alikuja. AC ilikuwa inafanya kazi vizuri, na mkononi hakubeba hata bisibisi. Alivaa koti, viatu vinang'aa, na alifuatana na kaka yake. Msimamizi aliona giza. Alishusha sanduku la mkewe, akalitupa miguuni pa fundi, ingawa mke huyo bado alimpenda.

"Mchukue! Si ndiye aliyekuita? Mchukue mke wangu uende naye!"

Fundi alilitazama sanduku. Akamtazama yule mke aliyesimama ameshika kiuno, macho yamemtoka. Kisha akavua kofia.

"Bosi, huyu ana mumewe," alisema kwa upole. "Sisi tumekuja kuposa. Mama ameshakubali, ila anasema hatoki humu mpaka mwanawe wa pekee atoe ruhusa."