Ukaguzi wa Langoni

Flashi ilikuwa ndani ya mkebe wa chakula, chini ya mabaki ya githeri ya mahindi na maharagwe, imefungwa kwa nailoni.

"Na hii ni mboga gani?" Karambu aliuliza, akiishika kwa ncha za vidole.

Mbaka, karani wa shule, alishusha macho. "Ni alama za mradi wa kilimo wa Form Four, Madam. Nakala tu. Hiyo kompyuta ya ofisi imezeeka. Ikikufa tutasema nini?"

Karambu, naibu wa mwalimu mkuu, hakuwa mtu wa kuchezewa shere. Tangu mtihani wa majaribio uvuje mwaka uliotangulia, kila jioni alisimama kwenye lango la shule hiyo ya Kaaga akipekua watu wote, kuanzia mpishi hadi pasta. Aliiweka flashi juu ya jiwe, akaiponda kwa jiwe jingine mpaka ikawa chenga.

Mbaka alitazama. Kisha, kama kila jioni, akaingia ofisini kumletea Karambu kiondo chake, kikapu cha kusukwa, akambebea mpaka barabarani. Asubuhi pia alikuwa akikipokea langoni na kukiwahisha ofisini. Kujipendekeza huko kulimchefua Karambu. Mtu mwenye adabu nyingi hivyo lazima ana jambo. Wikendi nzima, nyumbani kwake Kianjai, hakuwaza lingine.

Jumatatu Mbaka alikuwa langoni mapema. "Madam, nikushikie kiondo?"

"Sina mkono uliovunjika," alijibu, akapita.

Ofisini, kompyuta haikuwaka. Radi ilikuwa imepiga nyaya za stima Jumapili. Fundi aliifungua, akanusa, akatikisa kichwa. "Diski imeungua. Hapa hakuna kitu cha kuokoa."

Alama zilitakiwa kutumwa kwa baraza la mitihani siku hiyo kabla ya saa sita mchana. Wanafunzi sitini na wawili, mwaka mzima wa kupalilia kabichi, wangepata sufuri. Karambu alikumbuka zile chenga langoni. Alitamani kulia.

"Madam," Mbaka alisema, "hicho kiondo..."

"Wachana na kiondo changu! Watoto wanaangamia, wewe unaongea kiondo?" Akamkazia macho. Mbona alikuwa ametulia hivyo? "Wewe una nyingine. Umeificha wapi? Toa kila kitu!"

Mbaka aligeuza mifuko. Leso, funguo, peremende. Akavua hata viatu. Hakuna.

"Umetupekua mwaka mzima, Madam," alisema kwa upole. "Mimi, mpishi, hata pasta."

"Na ndiyo sababu hakuna alama hata moja iliyowahi kupita lile lango!"

"Zimepita kila jioni. Hiyo ya githeri ilikuwa ya ziada tu."

"Zimepita na nani?"

Mbaka alikivuta kiondo kilichokuwa mezani, akapenyeza vidole chini ya kitambaa cha ndani, akatoa flashi.

"Na yule tu ambaye hapekuliwi."