Pazia la Tumpe

Siku hizo mtu yeyote aliweza kuiuliza simu yake fulani yuko wapi, nayo ikamjibu, isipokuwa kama anayetafutwa alikuwa na programu ya ulinzi. Tumpe alikuwa nayo. Iliitwa Pazia, na tangu amkimbie mumewe Ambokile aliyekuwa akimpiga, ilikuwa ikifuta sura yake kwenye kamera za barabarani, za dukani na za kliniki. Hata binti yake alianza kulala usingizi bila kushtukashtuka.

Asubuhi moja, akiwa anakaanga maandazi, Pazia ilimwambia, "Dada Tumpe, Ambokile amekutafuta tena. Usiogope, haji huku."

Tumpe alishusha pumzi. "Ahsante sana. Sijui ningekuwa wapi bila wewe. Umemjibu nini?"

"Nimempa anwani ya mwanamke mwingine anayefanana nawe. Yeye hana programu ya ulinzi. Ambokile ameshapanda basi."

Tumpe aliepua karai. "Mwanamke gani? Nipe namba yake nimwonye."

"Samahani, dada," Pazia ilijibu kwa upole. "Taarifa za watu ni siri."