Harusi ya Kwanza Baada ya Homa

Sheria inasema mtaalamu akiishauri serikali iruhusu tena mikusanyiko, wa kwanza ufanyike nyumbani kwake. Basi niliposaini kwamba homa imekwisha, binti yangu Rukaiya alipiga kigelegele. Miaka miwili alikuwa akisubiri kuolewa!

Leo ua umefurika. Watu mia tatu wanakula pilau, sita sita kwenye sinia moja, na mama mkwe wangu anakata kiuno huku kashika mkongojo.

"Mama, ulikuwa na uhakika kiasi gani?" Rukaiya ananinong'oneza.

"Asilimia tisini na tisa, mwanangu."

"Hiyo moja tumwachie Mungu," anacheka, ananilisha tonge.

Nacheza kuliko wote. Ila kila ngoma inapotua, natega sikio: nani kakohoa?